Pamba Ndani ya Nguo ya Kuogelea

Minza binti yangu,

Umekwenda Kolandoto na mama yako kuwaaga wenzako wa hospitali, na mdogo wako Limi mmempakia nyuma ya baiskeli. Mmeniacha peke yangu hapa barazani na cherehani. Gari la moshi ni kesho asubuhi, na kazi ya leo nimeikataa yote. Mteja mmoja amekuja na suruali ya kupunguza, nimemwambia arudi wiki ijayo. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira. Ameondoka na suruali yake bila kuuliza tena.

Jana uliniomba kitu kimoja. Ulisema, "Baba, niandikie barua kwa mkuu wa chuo. Sema kwetu mwanamke haingii majini mbele ya watu. Sema ni mila yetu." Nikakujibu, "Sawa mayu, mama yangu, nitaandika." Nilijibu haraka, kama mtu anayetaka mwenzake aondoke mbele yake. Leo nimechukua karatasi, nimekaa, na nilichoandika ni hiki unachokisoma. Nakuomba ukisome mpaka mwisho hata ukikasirika. Mimi nimekutangulia kukasirika.

Mambo ya kula, ya baridi, ya kufunga sanduku na kutoongea na watu usiowajua, mama yako atakueleza, tena atarudia mpaka stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina mambo mengine, na mengi ni aibu yangu mwenyewe.

Nianze na ile karatasi ya chuo cha ng'ambo unakokwenda kusomea kutibu viungo. Ilipofika uliisoma mezani, ukitutafsiria neno kwa neno, ugali ukapoa. Kila mwanafunzi awe na nguo ya kuogelea ya kipande kimoja, rangi ya bluu iliyoiva. Isiwe na sketi. Isiwe na mikono. Isishonewe kitu cha kuning'inia wala cha kujaza. Pasiwe na nguo nyingine juu yake wala chini yake. Nywele zote ziingie ndani ya kofia ya mpira. Mtu ajioshe mwili mzima kabla ya kuingia. Bwawa ni la mji, huoga humo watu wote, wake kwa waume, na wanafunzi huenda mara moja kila wiki. Atakayekuwa hajaweza kuogelea mwisho wa muhula wa kwanza hataendelea na masomo.

"Wake kwa waume?" mama yako akauliza.

"Ndiyo mama."

"Basi ni kama kwetu ziwani," akasema, akavuta bakuli la mlenda karibu yake.

Yeye ni Mzinza, amekulia kwenye maji, kwake hilo lilikwisha pale pale. Mimi sikulala. Nilikuwa namkumbuka bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akioga mtoni kifua wazi, akitupigia kelele tusimchafulie maji, na hakuna aliyeona ajabu. Halafu wakaja watu wakatuambia tunatembea uchi, tuvae. Tukavaa. Mimi nimejenga nyumba hii kwa kuwavalisha watu. Nimemshonea bibi huyo huyo gauni lake la kwanza, lenye kola, akalalamika linambana kwapani mpaka siku tulipomzika nalo. Sasa karatasi inatoka huko huko walikotoka wale watu, inasema binti yangu avue. Nilikasirika nikataka kuichana. Hasira hiyo bado ninayo, wala siombi radhi kwa ajili yake.

Ila nilijidanganya kwamba ile karatasi ndiyo iliyokutia hofu. Hofu ulikuwa nayo miaka mitano kabla karatasi haijaandikwa, na aliyekutia ni mimi.

Unajua nilifanya kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu kule Geita, na wewe ulizaliwa kule vita ikiwa bado inapiganwa. Nilikusimulia habari za mashine, za mishahara, za namna nilivyokutana na mama yako akiuza samaki. Siku ya kwanza sikukusimulia. Tulipangwa mstari wanaume kama arobaini, tukaambiwa tuvue kila kitu. Tulikuwa na watu wazima pale, baba za watu, wengine wakwe za watu. Karani mmoja anakupandisha kwenye mizani, anataja uzito wako kwa sauti, mwenzake anaandika. Anakupima kifua, anataja. Halafu anakuchora chaki. Alama moja ni ya kushuka chini shimoni, nyingine ni ya kazi za juu, nyingine ni rudi kwenu.

Ilipofika zamu yangu, karani alitaja kifua changu mara mbili. Mara ya kwanza kwa mwandishi, mara ya pili kwa watu wote, kisha akasema, "Huyu wamemtuma na mbavu tu, nyama inakuja na lori la kesho." Walicheka. Watu waliokuwa uchi kama mimi, wanaotetemeka kama mimi, walicheka. Nikachorwa chaki ya kazi za juu, nikapelekwa kwenye banda la kushona mifuko ya turubai ya kubebea mawe. Humo ndimo nilimojifunza cherehani. Kwa maneno mengine, kifua changu chembamba ndicho kilichotulisha miaka yote hii, na mimi sikuwahi kukishukuru. Nilikuwa nakumbuka kicheko tu.

Ungetegemea mtu aliyefanyiwa hivyo aape kutomfanyia mwingine. Mimi nilikopi. Nilipohamia hapa Shinyanga na kupata nafasi kwenye baraza la duka hili, nilianza kupima watu kama yule karani. Nazungusha futi, nataja namba kwa sauti, mwandishi wangu anaandika, na watu waliokaa kwenye benchi wanasikiliza. Wateja walipenda. Wewe mwenyewe uliwaona wanawake wanene wakiniambia, "Fundi, taja vizuri, wasikie." Mume wa mtu mwenye nyonga pana alitoka hapa kifua mbele, maana kila mtu barazani alikuwa amesikia kwamba kwake kunaliwa. Na wembamba nao walikuja kwa sababu hawakuwa na fundi mwingine karibu. Kwao nilikuwa na mzaha. Nilisifiwa kwa mzaha wangu kuliko hata kwa mishono.

Siku ile ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Sare ya shule. Ilikuwa siku ya mnada, benchi limejaa, shangazi yako Kalunde amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai. Mwandishi hakuwapo, nikamwambia shangazi aandike. Ukasimama mbele yangu, mikono umeinyoosha pembeni kama nilivyokufundisha. Nikataja kiuno. Nikataja kifua, nikasema, "Hapa hakuna kitu, andika sufuri, twende chini." Nikataja nyonga. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kucheka na mimi kicheko cha watu ni ugonjwa wangu, nikasema, "Huyu mbele na nyuma ni ukuta mmoja. Kitambaa kitakachobaki nitawashonea leso nyote."

Shangazi yako akasema, "Kaka, kwa huyu tutapewa mbuzi, ng'ombe tusahau." Benchi zima likalipuka. Mwenye duka alitoka nje kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka.

Wewe uliendelea kusimama mikono pembeni mpaka nilipomaliza. Ukasema, "Naweza kwenda, baba?" Nikasema nenda. Nilikuona ukivuka barabara, na nakumbuka nilifikiri kwamba mwanangu ana moyo, utani haumsumbui.

Kuanzia siku ile ulijifunga kanga ya mama yako juu ya kila nguo. Kanga kwenda kisimani, kanga kanisani, kanga juu ya sare mpaka mwalimu akakurudisha nyumbani. Ukaanza kutembea umejikunja mabega, msichana mrefu kama wewe. Mimi niliona yote, nikasema ni ukubwa unaingia. Siku mama yako alipoleta futi akuchukulie vipimo vya gauni la Krismasi, ulimwambia, "Usimpe baba namba." Alinificha hilo mpaka mwaka huu, na aliponiambia sikula siku mbili.

Halafu ukaja mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, nipo hapa hapa nashona vifungo, ukasimama pembeni ukanong'ona, "Baba, huwezi kuweka kitu hapa?" Ukashika nyonga zako juu ya kanga. Miaka miwili ulikuwa huniambii ila shikamoo. Nilifurahi mno kwamba umesema nami, nikasema naweza. Sikuuliza kwa nini. Nilichukua pamba iliyochambuliwa, nikaijaza kwenye mifuko midogo, nikaishonea ndani ya bitana, kulia na kushoto, na nyingine mbele kifuani. Kazi nzuri. Hakuna mtu katika mji huu angeweza kuitambua. Watu wakaanza kuniambia, "Fundi, Minza amenawiri," na mimi mpumbavu nikajibu, "Tunamshukuru Mungu."

Kila gauni lako tangu hapo nimelishona hivyo. Nimekuwa nikikuambia kwa sindano, gauni baada ya gauni, kwamba watu wa benchi walisema kweli. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Mzaha ni neno la siku moja, mtu anaweza kusema nilikosea. Ile pamba niliipanga, nikaipima, nikaishindilia kwa kidole, miaka mitatu.

Sasa nije kwenye ile nguo ya kuogelea.

Wewe ndiye uliyesema hutaki kwenda kama ni lazima uvae hivyo. Ulisema ukiwa unamsugua Limi mguu kwa mafuta kama kila jioni. Limi, ambaye alilala na homa akiwa na miaka minne, na asubuhi mguu wake wa kushoto haukuamka naye. Yeye ndiye aliyekupeleka kufanya kazi ile hospitalini, na kwa ajili yake ulirudi nyumbani mbio siku daktari alipokueleza kwamba kuna nchi ambako miguu kama ile wanaifundisha majini, maji ya vuguvugu, na anayetibu huingia majini na mgonjwa, amemshika. Ulituonyesha kwa mikono jinsi anavyoshikwa. Limi alikuwa akicheka akisema, "Nani ataniangusha, wewe?" Kwa hiyo tunajua sote kwamba pale bwawani ndipo penyewe. Ukijifunza mengine yote ukaliruka hilo, utakuwa umesafiri kwenda kujifunza kusugua mafuta.

Mimi nikasema, "Usihangaike. Nitakushonea mwenyewe." Nikanunua kaniki nzito. Nikashona kipande kimoja kama walivyotaka. Nikaweka sketi fupi kuzunguka, nikajiambia Wazungu nao wana macho ya huruma. Na ndani, chini ya bitana, nikaweka pamba. Nyonga na kifua. Karatasi ilisema wazi isishonewe kitu cha kujaza. Uliisoma mbele yangu. Nilifikiri, nani atafumua bitana bwawani? Nilipokuonyesha, uliishika pale kwenye nyonga, ukabonyeza, ukatabasamu. Tabasamu lile nalikumbuka sana. Natamani ungenitukana.

Jumamosi iliyopita tukaenda kwenye lambo la ng'ombe nje ya mji ili mama yako akufundishe kuelea kabla hujaondoka. Yeye hakutaka niende. Nilisema nataka kuona kazi yangu. Unakumbuka alivyokushika chini ya tumbo, akikuambia, "Legeza shingo, maji hayali mtu aliyelegea." Ukaelea. Ulikuwa unacheka. Pamba ambayo haijachemshwa ina mafuta yake, haikubali maji upesi, na ile yangu ilikuwa inakubeba, kwa hiyo sote tukadhani umeshajua. Ukamwambia mama yako, "Niache, nimeweza." Naye akarudi ukingoni kumwingiza Limi kwenye maji ya magotini.

Kilichofuata wewe unakijua kwa chini, mimi nilikiona kwa juu. Pamba ilikunyanyua nyonga. Kichwa kikaenda chini, miguu na sketi ikabaki juu, ukawa unapiga maji kwa mikono huwezi kugeuka. Maji yenyewe yalikuwa ya kifuani. Mtu mwenye nguo ya kawaida angesimama tu. Wewe hukuweza kusimama kwa sababu baba yako alikuwa amekushonea maboya makalioni.

Uliniambia baadaye kwamba uliona kiza, kisha mkono ukakushika, kisha ukaniona nimekuinamia nakufunika kanga. Ukatapika maji, ukasema, "Asante baba." Umeshanishukuru mara tatu tangu siku ile. Jana ulipoomba barua ulianza hivyo hivyo, ukasema mimi ndiye niliyekuokoa, kwa hiyo nielewe kwamba maji siyo yako.

Minza, sikukuokoa mimi.

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka ulipokuwa. Mama yako alikuwa mbali mara nne ya hapo, ameshika mkono wa Limi. Ulipopinduka, upande wa pili wa lambo walikuwa wameingia wachungaji na ng'ombe wao, wanaume watatu au wanne, na wote walikuwa wanatazama. Sketi ilikuwa imekupanda mgongoni. Na mimi, baba yako, badala ya kuingia majini, niligeuka nikakimbia. Nilikimbilia kichakani ulikokuwa umetundika kanga. Nilikuwa nawaza kwamba nikikutoa nje wasikuone. Mwanangu ana kichwa ndani ya maji, nami nawaza wachungaji wanaona nini.

Niliporudi na kanga, mama yako alikuwa ameshanipita majini na nguo zake zote, amekushika kwapa, anakuvuta. Limi alikuwa amekaa kwenye tope peke yake, analia jina lako. Mimi nilichofanya ni kukufunika. Ndiyo maana uso wa kwanza kuuona ulikuwa wangu.

Mama yako hakukuambia. Alisubiri mpaka tumefika nyumbani umelala, akanijia uani nikiwa naanika ile kaniki, akaishika ile nguo, ikawa nzito kama mtoto kwa maji yaliyokwisha kuingia, akaniambia, "Kanga, Baba Minza. Ulikwenda kuchukua kanga." Hajalirudia tangu siku ile. Ananipakulia chakula, ananijibu nikimwita. Lakini neno lile limekaa kati yetu.

Kwa hiyo usinishukuru tena. Kila ukisema asante nasikia aibu mpaka kwenye meno. Kasirika nami, una haki. Hata siku utakayorudi ukikataa kunipa mkono nitaelewa. Ila nina hasira nawe pia kidogo, nikuambie tu. Nina hasira kwamba baada ya kuponea chupuchupu ulijilaumu mwenyewe, ukasema una mwili usiofaa kwa maji. Mwili wako ulikuwa unapigana na pamba yangu. Mwili wako ulipigana vizuri, mama yako anasema alipokushika ulimpiga teke karibu amwage damu.

Ile kaniki nimeichana. Mahali pake nimeshona nyingine, ipo chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwenye karatasi ya sukari. Nilinunua sweta mbili za sufu za bluu, nikazifumua, nikakata upya, maana nilisikia sufu ndiyo wanayovaa. Haina sketi. Haina mikono. Hakuna kitu ndani. Vipimo sikuvichukua mimi. Nilimpa mama yako uzi, akakupima ulipokuwa unaoga, akafunga fundo kila mahali, akaniletea nyuzi nne zenye mafundo. Nimekata kwa kulaza uzi juu ya kitambaa. Namba zako za sasa sizijui na sitazijua. Ndiyo mara ya kwanza tangu nianze kazi hii kushona nguo bila kutaja mwili wa mtu, na nimegundua inawezekana kabisa. Siku zote iliwezekana.

Sikuambii kwamba hutatazamwa. Utatazamwa. Pengine utakuwa mweusi peke yako ndani ya maji yale. Nywele zako hazitaingia vizuri kwenye kofia yao, iliyoshonwa kwa vichwa vingine, na mtu atakuamuru uzisukumie ndani. Kuna atakayecheka, mwanamke au mwanamume, na hiyo hasira utakayosikia usiimeze, mjibu kwa Kiingereza chao ulichokisoma kwa taabu. Lakini nikuambie jambo nililoliona kwa kazi hii, na ninalijua kuliko karani yeyote. Sijawahi kupima mtu ambaye hakujificha. Mnene huvuta tumbo. Mwembamba huvuta pumzi atanuke. Mkuu wa polisi aliyekuja hapa na bunduki nje ya mlango alisimama kwa ncha za vidole ili nimwandike mrefu. Yule bibi wa misheni, Mzungu, aliniomba nisimzungushie futi mkononi juu, akashika pale kwa aibu kama wewe ulivyoshika nyonga. Wote hao niliwaona, siku moja baada ya nyingine, na kumbe nilipofika kwako nikajifanya sijui.

Na Limi. Jumapili, siku moja tu baada ya lambo, alimwambia mama yako amrudishe majini. Alivua gauni ukingoni mbele ya watu, mguu ule mwembamba kama mpini wa jembe, akaingia akitambaa, akakaa humo mpaka midomo ikawa ya kijivu. Nilikuwa nao. Alipotoka aliniambia, "Baba, ndani ya maji mguu hauumi." Nilimuuliza kama hakuona watu wakimtazama. Alinitazama mimi kama mtu mwenye swali la ajabu, akasema, "Niliwaona. Hawakuja kunisaidia kutembea."

Nikambeba mpaka kwenye baiskeli.

Watu wa nyumbani kwangu wamenishinda wote wiki hii, na ni sawa. Nasikia baiskeli inakuja, nafikiri ni ninyi. Nitaifunga barua hii kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la mkuu wa chuo kama ulivyotaka, ili uipokee bila kuuliza maswali mbele ya mama yako. Nakujua lakini. Garini, kabla hujafika Tabora, utaifungua usome nimesemaje. Kama ndivyo, basi umeshajua kwamba huna barua ya kumpa mtu. Ukifika kule watakuita jina, utasimama ukingoni mwa yale maji na nguo isiyo na kitu ndani, na hakuna karatasi ya baba itakayokutetea.

Ile ruhusa ningeweza kuiandika kwa mistari mitatu. Kalamu niliishika kabisa. Nikaona niko tena kwenye lambo, wewe kichwa chini, na mimi nakimbilia kanga.

Ni mimi baba yako,
Fundi Lugwisha